Mtu wa Palmare na Wimbo wa Bibi

Jumamosi, kati ya sala ya adhuhuri na ya alasiri, Kasongo ilikuwa na mfalme mmoja tu, na mfalme huyo alikuwa peku. Viatu vyake alivivua mlangoni mwa studio, akisema maikrofoni haipendi mtu anayeijia na matope ya njiani. Miaka yote niliyofanya kazi naye, mimi msichana fundi wa sauti nyuma ya kioo na yeye mbele ya maikrofoni, sikumwona hata siku moja akitangaza palmare akiwa na viatu mguuni.

Palmare ni nyimbo kumi zinazopendwa wiki hiyo. Ya kumi inapigwa kwanza, ya kwanza inapigwa mwisho, na katikati watu wanagombana. Redio yetu ni ndogo. Siku hewa ikiwa safi inasikika mpaka Wamaza, Kabambare inasikika kwa mikwaruzo, na Salamabila, kwa wachimba dhahabu, haifiki kabisa. Lakini kura za Salamabila zilikuja kila wiki. Waendesha pikipiki waliwapelekea wachimbaji nyimbo ndani ya simu zao, wakarudi na kura mdomoni, wakazipiga kelele dirishani kwetu hata kabla ya kuzima injini.

Mjini walimwita Baba Palmare. Mimi nitamwita Mtangazaji, maana ndivyo alivyojiita mwenyewe, kwa heshima kubwa, kana kwamba duniani hakuna mwingine.

Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye sauti isiyolingana na kifua chake. Mara moja mama mmoja alitoka Kabambare na kuku kwapani, akaingia studio, akamtazama, akaendelea kutafuta nyuma yake.

"Niko natafuta Baba Palmare mwenyewe," akasema.

"Ametoka kidogo," Mtangazaji akajibu kwa sauti nyembamba ya pua. "Ile kuku unaweza kuniachia."

Mama akakataa katakata. Ilibidi Mtangazaji aketi, afungue maikrofoni na kusalimia ndipo kuku akabadilisha mikono. Kuku huyo tulimla siku iliyofuata, naye akawa anasema hiyo ndiyo mara pekee redio ilipomlipa vizuri.

Sheria zake zilikuwa mbili, na zote mbili zinaingia katika kisa ninachotaka kusimulia. Ya kwanza ni hii: wimbo mpya unaingia nafasi ya kumi, na kwa wiki unapanda ngazi moja, basi. Hata soko zima lije kulia dirishani, ngazi moja. Kushuka, unaweza kuporomoka kutoka juu mpaka nje ya kumi bora kwa Jumamosi moja. "Kushuka ni huru," alisema, "kupanda ni kwa kibali." Alijua kuna redio ambazo wimbo ukitolewa leo, kesho ni wa kwanza, kwa sababu mwimbaji ni wa Kinshasa na ana magari. Hizo hakutaka kuzisikia. Alisema wimbo uliofika juu kwa siku moja haujasikilizwa, umesalimiwa tu.

Hapo kwenye ngazi tulikuwa tukimcheka. Mtangazaji alikaa Kigoma miaka ya vita, mkewe na watoto wakibaki upande huu, akarudi na Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, nacho alikivaa mbele ya maikrofoni kama kanzu ya Idi. Maikrofoni ikifungwa anakivua, anasema kama sisi sote. Sasa akitangaza kwamba wimbo "unapanda ngazi", yeye anafikiria zile za kupandia darini. Kwetu ngazi ni matunda ya mchikichi, yale ya kukamua mafuta. Mtoto wa Kasongo akisikia hivyo anamwona mtu amejifunga mkanda kiunoni, panga mkononi, anapanda mti polepole kwenda kukata kichala. Picha ni tofauti, lakini maana ikafika salama, pengine hata zaidi. Ndiyo maana hakuna aliyemsahihisha.

Sheria ya pili ilizaliwa kwa aibu. Kulikuwa na harusi moja kubwa mjini, bwana harusi na bibi harusi wakaingia ukumbini kwa wimbo wa Kilingala mtamu sana, mguu kwa mguu, watu wakishangilia. Mgeni mmoja wa Kinshasa akashika kichwa. Wimbo ule ulikuwa wa kumuaga maiti. Na ulikuwa wa kwanza katika palmare, Mtangazaji mwenyewe ndiye aliyeupigia debe. Tangu hapo akaapa kwamba wimbo wowote utakaofika juu, kabla ya kupigwa siku ya kwanza, ataufafanua neno kwa neno. "Hatumvishi taji mtu tusiyejua anasema nini," alisema. Nyimbo zilizobaki chini hakuzieleza. Zikifika juu, watu walinyamaza hata kwenye vinu vya mpunga ili wasikie maana.

Kwa hiyo mnaona: mtu wa maneno, mtu wa maana, mtu wa ukweli. Sasa nendeni nyumbani kwake.

Nyumbani alikuwa bubu. Mkewe, mzaliwa wa Wamaza, aliuza mafuta ya ngazi sokoni, ndiyo maana wote tulimwita Mama Mafuta. Mwanamke mpana, mcheshi, mwenye kicheko kinachosikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Alikuwa akituambia waziwazi, mumewe akiwa amekaa pale pale: "Maneno yote anamalizia ku radio. Mimi ananiletea betri zimekufa." Mtangazaji alitabasamu na kuangalia miguu yake. Kila Jumamosi alisoma salamu za mapenzi za watu wa Kasongo, za Kabambare, za wachimbaji walioacha wake zao mbali, sisi tunaziita dedikasi, akazisoma mpaka mwili unasisimka. Kwa mkewe hakuwahi kusoma hata moja. Nilipomuuliza, alisema mtangazaji hajitangazi. Mimi niliona ni woga tu. Mtu anaweza kuzungumza na eneo zima asilolitazama usoni, akashindwa kuzungumza na mtu mmoja anayemwangalia.

Basi binti yao, aliyeolewa Kigoma, akatuma kadi ya simu iliyojaa nyimbo, kwa mkono wa mfanyabiashara aliyekuwa anarudi kupitia Kalemie. Kati ya nyimbo hizo ulikuwamo mmoja wa kijana asiyejulikana, gitaa moja na sauti, hata ngoma hauna. Maneno yake yako kichwani mwangu mpaka leo:

Bibi, kaa karibu na jiko,
mvi zako ndizo taji,
meno yamekwenda, kicheko kimebaki,
bibi, mimi siendi mbali.

Mtangazaji akaupa nafasi ya kumi, akautangaza kwa maneno machache tu: "Huu unatoka nyumbani kwangu." Alikuwa na maana kwamba umeletwa na binti yake. Lakini sisi Kasongo, mtu akisema bibi, anasema mke. Bibi yangu ni mke wangu, hakuna la kuuliza. Kwa hiyo soko zima likasikia Baba Palmare, yule bubu wa nyumbani, akisema wimbo wa mke umetoka nyumbani kwake. Wamama wakatupa vipimo vyao vya mchele chini, wakamzunguka Mama Mafuta kumpongeza. Wanasema alikaa juu ya ndoo yake, akafunika uso kwa kitenge, akakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha.

Jumatatu Mtangazaji alifika kazini na shati limepigwa pasi. Alikuwa amewekewa maji ya moto ya kuoga, akapikiwa kuku bila sikukuu. Hakuelewa ni kwa nini, na mtu bubu haulizi.

Mimi ndiye niliyemwambia. "Baba, mama anafurahi sana na ile dedikasi."

"Dedikasi gani?"

"Ile mwimbo ya bibi."

Akafunga mlango wa studio, akakaa. "Binti yangu," akaniambia, kama alivyozoea kuniita, "ile bibi haiko bibi."

"Ni kusema nini?"

"Kule Kigoma, bibi ni koko. Mama ya mama, mama ya baba. Ule kijana anaimbia koko yake."

Nilicheka mpaka nikaegemea meza ya sauti. Mvi, meno, jiko, kumbe. Halafu nikamkumbuka Mama Mafuta na kitenge chake usoni, kicheko kikakatika. Mwanamke aliyengoja neno moja miaka yote ile amelipata, na neno lenyewe ni la nyanya wa mtu mwingine.

"Utamwambia?" nikauliza.

"Mwimbo ikifika juu, nitaeleza. Sheria iko sheria."

"Na kama haifiki?"

"Omba isifike."

Nikamwambia hiyo ni kazi rahisi, kura zinapita mkononi mwangu, tuushushe kidogo kidogo, si kushuka ni huru? Alinitazama kana kwamba nimeingia studio na viatu. Sikurudia tena.

Na wimbo ukaanza kupanda, na mimi nawaambia sijawahi kuishi miezi mitamu kama ile. Kwanza ulipandishwa na wamama wa soko, tisa, nane. Ukakwama hapo, ukaanguka nje kabisa, nikamwona Mtangazaji akipumua. Kisha mwanamume mmoja wa karibu na msikiti, aliyekuwa amekorofishana na mkewe, akaupiga nje ya dirisha la wakwe zake, na mkewe akarudi. Habari hizo zilikimbia kuliko pikipiki. Wanaume wote wenye makosa wakautaka. Kumi tena. Tisa. Nane. Saba.

Kulikuwa na ubeti mmoja uliokuwa unanitia hofu, pale kijana anapoimba, "ulinilea, ulinibeba mgongoni." Nikasema hapa sasa tumekamatwa, mke gani anambeba mumewe mgongoni? Lakini nilikuwa siwajui watu wangu. Mwendesha pikipiki wa njia ya Wamaza, kijana aliyejaa tope mpaka kwenye nyusi, ndiye aliyenifafanulia pale dirishani, kwa huruma, akiniona sielewi.

"Ule bwana alikuwa mugonjwa," akasema. "Njia ilikuwa mubaya, pikipiki hakuna. Bibi yake akamubeba mugongoni mpaka hospitali. Ndiyo mapendo hiyo."

"Na kumlea?"

"Mwanaume bila bibi ni mutoto. Hata weye unajua."

Basi. Ubeti ulioweza kuuangusha wimbo ndio uliousukuma. Wake za watu wakaanza kuuliza waume zao: na mimi, nimekubeba mara ngapi? Sita. Tano.

Juu kabisa kulikuwa na wimbo wa Kinshasa wa kelele na kucheza, wa vijana, umekaa pale mpaka tukauzoea kama paa la nyumba. Waendesha pikipiki wa Kabambare walikuwa wafuasi wake wakubwa. Lakini wimbo wa bibi ukafika Salamabila. Wachimbaji wako mbali na nyumba zao, wanalala chini ya maturubai, na sasa wamepata kitu cha kuwatumia wake zao. Waendesha pikipiki hao hao wa Kabambare walianza kuleta kura zisizo zao, wakizisema kwa hasira kidogo, lakini wakizisema. Nne. Tatu.

"Salamabila yote inasema ipande mara mbili," mmoja akapiga kelele dirishani. "Wamechoka kungoja."

"Waambie mara moja," Mtangazaji akajibu kutoka ndani. "Polepole ndiyo mwendo."

"Baba, wale watu wanachimba mawe kila siku. Wanajua polepole. Wanataka mbili."

"Moja."

Ajabu yake ni kwamba alikuwa anaogopa na kufurahi kwa pamoja. Kila Jumamosi aliponionyesha kwa vidole, kupitia kioo, nafasi ya wimbo unaofuata, ndivyo tulivyozoea kuelewana, kwenye wimbo wa bibi aliviinua nusu tu, kama anayetaka kuvirudisha. Lakini macho yalikuwa yanang'aa. Alikuwa amengoja maisha yake yote wimbo wa namna hii, usio na mwenyewe, usio na ngoma, unaopanda kwa magoti. Na ndio huo huo ungemchoma nyumbani. Siku alipotangaza kwamba umefika nafasi ya pili, Mama Mafuta aliniita sokoni, akanijazia chupa ya mafuta bure.

"Jumamosi atanieleza mbele ya watu wote," akasema. "Neno kwa neno. Ngojea nivae muzuri."

Nilirudi studio na chupa ile mkononi, nikamwambia. Akaigeuza chupa mkononi, akanirudishia. Sheria yake mwenyewe ilikuwa imemnasa.

Jumamosi hiyo kura zikaja mpaka nikashindwa kuzipokea, na hakukuwa na shaka yoyote. Tulipiga nyimbo tisa kwa haraka. Wakati wa ile ya pili, ile ya Kinshasa iliyoshushwa kitini, alivua kofia yake akaiweka mezani. Kisha akanionyesha kidole kimoja. Nikafungua maikrofoni. Dirishani kulikuwa na watu, nyuma yao pikipiki zimesimama, na ng'ambo ya barabara redio zote za soko zikisema kwa sauti yake.

"Wasikilizaji," akasema kwa Kiswahili chake cha Kigoma, "wimbo wa kwanza unaanza na neno bibi. Hapa kwetu bibi ni mke. Ng'ambo ya ziwa, ulikotoka wimbo huu, bibi ni koko. Kijana huyu anamwimbia koko yake aliyemlea. Alimbeba mgongoni kwa sababu alikuwa mtoto."

Mwendesha pikipiki wa Wamaza alikuwa dirishani, nikaona mdomo wake ukifunguka na kubaki hivyo. Simu ya studio, tuliyopokelea kura za mjini, ilikuwa ikilia tangu asubuhi; sasa haikulia.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya hewani. Aliacha Kiswahili cha ng'ambo, akasema kama nyumbani.

"Sasa niseme yangu. Ile siku ya kwanza nilisema mwimbo inatoka kwangu. Bibi yangu akafikiri ni dedikasi. Haikuwa dedikasi, binti yetu ndiye aliituma. Nilinyamaza, sababu niliona anafurahi, na mimi ndiye nilikuwa nimemunyima ile furaha. Leo ni dedikasi. Bibi yangu, ule wa mafuta, ule wa Wamaza. Wakati wa vita ulinibebea watoto na mizigo, mimi nikabeba radio tu. Nimesema na watu wote. Na weye sikusema. Kaa karibu na moto. Mimi siendi mbali."

Alikuwa bado na maneno, nilimwona anayatafuta. Lakini adhana ya alasiri ikaanza, na yeye hakuwahi kuzungumza adhana ikiendelea. Akanipa ishara, nikafunga maikrofoni. Ndivyo wimbo uliopanda miezi yote ile ulivyofika juu na usipigwe. Sekunde zake zote alikuwa amezila mwenyewe.

Alikaa ameinamisha kichwa. Tulingoja. Adhana ilipokwisha, mwendesha pikipiki wa Wamaza, aliyekuwa amekimbilia sokoni na kurudi, akaingiza kichwa dirishani.

"Baba, mama anasema urudi nyumbani."

"Amekasirika?"

"Hapana kujua. Analia, anacheka. Anasema urudi, lakini usiache maneno ku radio. Uje na ile yenye ilibaki."

Mtangazaji alisimama, akatoka mbio peku. Viatu vyake nilimpelekea mimi kesho yake.

Wimbo ulikaa juu muda mrefu baada ya hapo. Nilidhani ukweli ungeuangusha, kumbe ulipata wapiga kura wapya, wakoko wenyewe, ambao hakuna wimbo uliowahi kuwakumbuka. Wenye wake hawakuutoa mikononi. Kila mtu alishika maana yake, na Mtangazaji hakuwaingilia.

Mimi niliolewa Kabambare, nikaacha meza ya sauti. Njia yetu mnaijua, si ya kwenda na kurudi kwa kupenda. Nilipopata safari ya Kasongo mwaka huu, palmare ilikuwa tayari mikononi mwa vijana, wimbo ukiingia leo kesho uko juu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mtangazaji.

Nilimkuta uani, mvi kichwa kizima, akizungumza. Alizungumza tangu nilipokaa, akanieleza kila kitu, mpaka Mama Mafuta, aliyekuwa motoni akikoroga uji, akanitazama kana kwamba ananiomba msamaha. "Tangu ile siku hajanyamaza," akasema. Akacheka kile kicheko chake, na mbele hakuwa na jino. Binti yao amekuja kutoka Kigoma kusalimia, ameleta na mtoto wake wa kike, mara ya kwanza kufika kwao.

Nilikuwa nimetoka safari, koo kavu. Mtangazaji akageuka kuniombea maji. Wakati huo huo yule mtoto akachungulia mlangoni, ameamka na njaa. Wakaita kwa pamoja, babu na mjukuu, kila mtu kwa Kiswahili cha kwao.

"Bibi!"

Mama Mafuta hakuinua hata kichwa. "Mumoja mumoja," akasema. "Hapa hakuna kuruka ngazi."

Akachota uji, akampelekea mtoto kwanza. Nikamgeukia Mtangazaji. Alikuwa amenyamaza, macho yanang'aa, na juu ya goti lake, kama zamani nyuma ya kioo, alikuwa akinionyesha vidole viwili: nafasi ya pili ni yake.